Jinsi ya kuwashonea sare watoto wa kaya maskini bila kuwaaibisha

Mwezi wa Januari hapa Ngamiani, Tanga, hakuna fundi cherehani anayelala mapema. Wazazi wanaingia dukani na watoto wamewashika mkono, mmoja ana kitambaa chake kwenye mfuko, mwingine anaomba akopeshwe mpaka mwisho wa mwezi, na wote wanataka nguo kesho asubuhi. Nina cherehani nne na mashine moja ya ovaloki, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na minane. Miaka tisa ya mwisho nimekuwa nikishona pia sare za watoto ishirini wa shule moja ya msingi njia ya Pangani, kwenye kijiji cha wavuvi, ambao wazazi wao hawafiki dukani kwangu hata kuulizia bei.

Wenzangu wa biashara wananiuliza ninafanyaje. Wengine walijaribu mara moja wakaacha, kwa sababu msaada uliwaletea ugomvi na mwalimu au na majirani, au pesa iliisha katikati. Yaliyomo humu nimejifunza kwa kuyakosea kwanza. Nimeandika kwa macho ya fundi, lakini muuza viatu, mwenye duka la madaftari au mwenye mgahawa ataona penye lake.

Neno la kwanza kabla ya hatua zenyewe. Ada ya shule ya msingi ya serikali ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 sekondari nayo ikawa bila ada mpaka kidato cha nne. Ni jambo kubwa, na mimi mama wa watoto watatu najua lilinipunguzia nini. Ila sare, viatu, madaftari na kalamu vimebaki kwa mzazi. Kwa mvuvi wa ngalawa mwenye watoto wanne wanaosoma, hivyo vinne peke yake ni mlima. Mtoto asiye na sare mara nyingi hafukuzwi na mtu. Anajificha mwenyewe. Anaaga nyumbani, anakaa ufukweni mpaka saa za kutoka, anarudi na wenzake. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia mtoto huyo, lijue hilo tangu mwanzo: kilichomtoa shuleni ni aibu, na msaada wenye aibu ndani yake utamtoa tena.

Anza kutenga pesa Februari

Wengi wetu tunawakumbuka watoto Desemba, tukiona matangazo ya shule kufunguliwa. Wakati huo kitambaa kimepanda bei, mafundi wameelemewa na kazi za wateja, na mfukoni kumebaki cha sikukuu. Wengine hungoja Ramadhani. Kutoa Ramadhani kuna thawabu yake, sisemi mtu aache, lakini mwezi huo unarudi nyuma karibu siku kumi na moja kila mwaka, wakati shule inafunguliwa Januari palepale. Mtoto hawezi kuungoja mwandamo wa mwezi.

Mimi natenga shilingi 2,000 kila siku ninayofungua duka, Februari mpaka Novemba. Nikifungua siku 26 kwa mwezi, miezi kumi inanipa shilingi 520,000. Naziweka kwenye laini ya simu ambayo haifanyi kazi nyingine yoyote, na namba yake ya siri anaijua binti yangu pia, ili siku nikishawishika kuzigusa awepo wa kuniuliza.

Hesabu yangu inakwenda hivi, nawe weka bei za kwenu. Shati la mtoto mdogo, kitambaa na vishikizo na uzi, 4,500. Mashati mawili ni 9,000. Sketi au kaptula 6,000. Hapo pana 15,000. Ujira wa fundi kwa vipande hivyo vitatu 10,000. Mtoto mmoja basi ni 25,000, na ishirini ni 500,000. Zile 20,000 zinazobaki ni nauli, kitabu cha vipimo, na mche wa sabuni kwa kila mtoto pesa ikitosha.

Kwenye ujira wa fundi nataka nisimame kidogo. Mwaka wangu wa kwanza niliwaambia mafundi wangu wawili kwamba kazi ile ni ya Mungu, kwa hiyo tutashona usiku bila malipo. Hawakukataa. Fundi hawezi kumkatalia mwenye duka. Lakini mmoja wao alikuwa na mtoto anayeanza darasa la kwanza mwezi uleule, na sare ya mwanawe aliishona saa nane za usiku baada ya kumaliza za sadaka yangu. Niliposikia nilishindwa kumtazama usoni. Ukitoa, toa chako. Jasho la mfanyakazi wako lina bei yake, lilipe kama unavyolilipa siku zote, na kama hesabu haifiki punguza idadi ya watoto.

Kufikia mwisho wa Agosti nina kama 364,000. Septemba naingia madukani kununua jora la kitambaa cheupe na la bluu, kabla ya watu wa Desemba. Ukinunua jora zima unapata nafuu kuliko kununua mita moja moja, na rangi inakuwa moja. Kata kipande kidogo cha ile bluu ukifue nyumbani mara tatu kwa sabuni ya mche kabla hujalipa jora. Vijijini pwani visima vingi vina maji ya chumvi, na kitambaa cha rangi dhaifu kitakuwa kimepauka ifikapo Machi. Mtoto mwenye sare iliyopauka kati ya wenzake wenye sare za buluu iliyokolea, kila mtu atajua yake ilitoka wapi.

Chagua shule moja, uende mwenyewe

Mji wetu unajulikana kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Misaada mingi nayo iko hivyo: inashuka shule hii mwaka huu, ile mwaka ujao, na hakuna anayekumbuka nani alipewa nini. Chagua shule moja unayoweza kuifika kwa daladala na urudi siku hiyohiyo, ukae nayo.

Usitume mtu. Nilituma mara moja. Nilimpa mtu niliyemwamini pesa ya viatu vya watoto kumi na tano, nikaletewa maneno matupu na vipande vya risiti visivyosomeka. Sikumfuata, lakini tangu siku ile hata kalamu naifikisha kwa mkono wangu.

Ukifika shuleni, ofisi ya kwanza ni ya mwalimu mkuu. Jitambulishe, sema biashara yako iko wapi, sema unaweza kufanya nini na idadi gani, na usiahidi zaidi ya hapo. Mwalimu atakuambia kama unahitajika kuandika barua na ipitie kwa nani. Kwa kawaida Afisa Elimu Kata na mtendaji wanapaswa kujua. Utaona ni mlolongo. Upitie. Ukipitia mlango wa mbele, siku mzazi mmoja akilalamika kwamba wa kwake aliachwa, shule itasimama nawe.

Mwalimu mkuu wa wakati ule, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliponisikiliza alivuta kiti akakiweka barazani.

"Mama, kaa hapa mpaka mapumziko. Watazame tu. Usiniambie utaleta nini kwanza."

Nilikaa saa mbili. Niliona watoto wa madarasa matatu wanapokezana shati: anayetoka zamu ya asubuhi analivua nyuma ya choo, ndugu yake wa zamu ya mchana analivaa likiwa bado na joto. Nilikuwa nimekwenda na wazo la sweta, maana nilikuwa na uzi wa sweta uliobaki. Sweta, Tanga! Hapo ndipo nilipobadilisha mpango na kuwa mashati mawili kwa kila mtoto. Shati moja lazima lifuliwe usiku, na msimu wa masika, Machi mpaka Mei, nguo haikauki ndani ya nyumba ya udongo. Mtoto anavaa mbichi au anabaki nyumbani.

Utakapotaka kukutana na wazazi, mwulize mwalimu siku, usijipangie. Nilipanga kikao cha kwanza saa nne asubuhi na akina mama wakaja sita tu. Nikaudhika, nikadhani wamepuuza. Kumbe ilikuwa bamvua. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanatoka mbali sana asubuhi, na akina mama wote wapo miambani na mikuki yao wanatafuta pweza. Hiyo ndiyo pesa yao ya wiki mbili. Kikao cha pili tulikiweka maji yakiwa mafu, hayatoki mbali, saa kumi jioni, na uwanja ukajaa.

Nani anastahili

Hapa ndipo penye ugomvi wote, kwa hiyo usiende haraka.

Mwalimu wa darasa anajua nani anakuja bila viatu na nani hasomi kwa njaa. Mwenyekiti na mtendaji wanajua kaya zilizomo kwenye mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya maskini. Orodha hizi mbili ziombe kila moja mbali, kisha zilinganishe. Majina yaliyo kwenye zote mbili hayana shida. Yaliyo kwenye moja tu ndiyo ya kuyaulizia: mara nyingine ni mtoto ambaye baba yake amepotea baharini mwezi uliopita na ofisi haijaandika, mara nyingine ni mpwa wa mtu.

Orodha zote mbili zina tundu moja. Mtoto aliye maskini kuliko wote hayumo darasani, kwa hiyo mwalimu hana jina lake. Huyo mtafute kwa bibi. Kila kijiji kina bibi mmoja anayewajua watoto wote kwa nyumba zao, na mara nyingi ni mkunga au mwalimu wa madrasa ya wasichana. Wa kwangu nilimpata anasuka ukili chini ya mkungu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mwanangu, wewe ndiye wa sare?" Habari ilikuwa imeshatangulia. Aliniambia, bila kuacha kusuka, majina ya watoto wanne wanaopaswa kuwa darasa la kwanza na hawajaandikishwa, na kila mmoja kwa sababu yake. Wawili walikuwa wanaishi na yeye.

Usimwite mtoto ajieleze. Usimwulize mbele ya mtu baba yako yuko wapi, mnakula mara ngapi. Ukihitaji kujua, mwulize mtu mzima, pembeni. Na ukishaiweka sawa, orodha hiyo isionekane ubaoni wala kwenye makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za watu, na habari za mtoto wa maskini ni za kulindwa mara mbili. Mimi nina daftari moja, na ndani yake watoto ni namba. Majina anayo mwalimu mkuu.

Kupima: lipime darasa zima

Kama utachukua jambo moja tu kutoka kwangu, chukua hili.

Mwaka wa kwanza niliita walioorodheshwa, wakapanga foleni chini ya mwembe, wenzao wakiwachungulia dirishani. Kufikia jioni wale ishirini walikuwa na jina: "watoto wa msaada." Msichana mmoja wa darasa la nne alipewa sare na hakuivaa hata siku moja. Mama yake aliniletea dukani mwaka ule ule, imekunjwa vilevile nilivyoikunja mimi, akasema, "Fundi, mpe mwingine, mwanangu amekataa." Nilikaa na lile furushi mezani wiki nzima.

Tangu hapo napima darasa zima. Watoto sitini, sabini, wote wanapita kwenye futi kamba. Tunawaambia, na ni kweli, kwamba fundi anachukua vipimo vya shule. Mtoto wa mwenye duka la kijiji anapimwa na mtoto wa mama wa pweza anapimwa. Hakuna anayejua nani atashonewa. Inachukua siku mbili badala ya saa moja, na faida yake nyingine ni kwamba wazazi wanaoweza kulipa wananiletea kazi, kwa sababu vipimo vya watoto wao ninavyo tayari. Sioni ubaya wa kulisema hilo: sehemu ya pesa ya sare za bure inatoka kwa sare za kulipia za kijiji kilekile.

Chukua vipimo hivi: mabega, kifua, urefu wa shati kutoka shingoni, urefu wa mkono, kiuno, na urefu wa sketi au kaptula. Simama pembeni ya mtoto, usisimame nyuma yake asipokuona. Mwalimu wa kike awepo muda wote, mlango uwe wazi, na wasichana wakubwa wapimwe na mwanamke. Kama duka lako lina mafundi wanaume tu, mwombe mwalimu ashike futi, wewe uandike. Hata mtu mwenye nia safi afuate utaratibu huu, maana mtoto hana njia ya kuzijua nia.

Na tumia macho. Mwaka juzi kijana mmoja wa darasa la pili aliponyoosha mikono nimpime kifua, aliibana haraka tena. Kwapani shati lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa nyavu, ule wa nailoni wa kijani, mafundo madogo madogo yaliyopangwa sawasawa kama jicho la jarife. Baba yake ndiye aliyeshona. Nimefundisha mafundi wengi na wachache wana mkono ule. Nikamwambia polepole, "Aliyekushonea hapa ni fundi kweli," akatabasamu na kunyanyua mikono. Mtoto yule ana mtu anayemtunza kwa alicho nacho. Msaada wako ukifika, ufike kama nyongeza juu ya matunzo hayo, usifike kama aibu kwa baba.

Viatu usikisie kwa umri. Weka mguu wa mtoto kwenye karatasi, piga mstari wa kalamu kuuzunguka, andika namba yake, uende na karatasi hizo kwa muuza viatu. Ongeza upana wa kidole kimoja mbele, basi.

Kushona

Kitambaa kiwe kilekile unachomshonea mteja anayelipa. Usiweke nembo ya duka, usiweke uzi wa rangi tofauti, usiweke chochote kitakachoitofautisha nguo hiyo. Nguo ya mtoto wa kaya maskini huvaliwa siku tano za shule, na mara nyingi siku mbili zinazobaki pia, kisha inakwenda kwa mdogo wake. Kwa hiyo inahitaji kushonwa kwa nguvu kuliko ya mtoto mwingine yeyote.

Mita moja ya kitambaa kipana inatosha shati la mikono mifupi la mtoto wa darasa la kwanza. Usikate kwa kubana ili uokoe sentimita chache. Ubavuni acha inchi moja ya kuachia kila upande. Kwenye sketi kunja pindo la inchi tatu au nne, lishone kwa mkono, mshono mrefu, ili Julai uweze kulifungua kwa wembe bila kuchana kitambaa. Kiunoni weka lastiki nyuma na kishikizo cha akiba ndani. Marinda yashikwe kwa mshono inchi mbili kutoka kiunoni, vinginevyo baada ya kufuliwa mara tano sketi itakuwa gunia. Makalio ya kaptula weka kitambaa mara mbili tangu mwanzo. Madarasa mengine watoto bado wanakaa chini, na sakafu ya simenti inakula kaptula kwa miezi mitatu.

Uliza shule kuhusu mtandio au hijabu, rangi na urefu, ukate kutoka kitambaa kilekile cheupe. Vipande vinavyobaki usitupe. Wasichana wa darasa la sita na la saba wengi wameshavunja ungo, na wanakosa masomo siku zao. Kipande cha pamba laini nje, taulo ndani, kishikizo cha kufungia kwenye chupi: pedi ya kufua inashonwa kwa dakika ishirini. Hizo nampa mwalimu wa kike anayewalea wasichana, kwenye mfuko wa nguo uliofungwa, naye anagawa kwa wakati wake. Mweleze waziwazi kwamba lazima zifuliwe kwa sabuni na kukaushwa juani, siyo kufichwa chini ya godoro. Kama choo cha shule hakina maji wala mlango, zungumzeni hilo kabla ya pedi.

Kukabidhi

Usifanye sherehe. Najua italeta uchungu kwa baadhi yenu, kwa sababu biashara inahitaji kuonekana na mtu angependa watu wajue. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini pia kutoa siyo tangazo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na bango, nilikuwa na mgeni rasmi, watoto waliitwa jina moja moja wapokee na kupigwa picha. Yule msichana wa darasa la nne yumo kwenye picha ile, ameshika furushi kifuani, anatazama chini. Nimeifuta kwenye simu. Wengine waliopiga siku ile sijui waliifanyia nini, na hilo ndilo tatizo la picha ya mtoto: ukishaiachia hairudi.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mzazi au mlezi anaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kila mmoja kwa saa yake. Anakabidhiwa mfuko wa kawaida, kama aliotoka nao dukani. Anasaini kwenye hati ya makabidhiano, nakala moja inabaki shuleni na nyingine kwangu. Mtoto anaipata nyumbani, kutoka kwa mama yake au baba yake au bibi yake. Siku ya kwanza ya shule anaingia amevaa sare kama wengine, na hakuna wa kumwuliza.

Ukihitaji picha ya dukani kwako, piga jora kabla halijakatwa, piga mafundi wakiwa kazini, piga mashati arobaini yaliyokunjwa mezani. Inapendeza, na wateja wanaielewa. Viongozi wakitaka kuja wakati wa kampeni na vitambaa vyao shingoni, waambie kwa heshima kwamba kazi imeshakwisha.

Kwenye mizunguko yako utaona na mengine. Mtoto mwenye alama za kupigwa, msichana wa miaka kumi na minne ambaye ghafla anaambiwa ameolewa. Usijifanye polisi wala usifumbe macho. Mweleze mwalimu na afisa ustawi wa jamii wa kata, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka kumi na minane.

Ukiwaalika wenzako

Ukiona mwaka wa pili umekwenda vizuri, waite wenzako. Kila mtu alete cha biashara yake mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo anapojua bei na ubora. Muuza viatu wa Mgandini alete viatu kwa zile karatasi za miguu. Mwenye duka la vitabu alete madaftari. Msichangishane pesa kwenye kapu moja kama hakuna mnayemwamini wote kulishika na kulisomea hesabu mbele yenu.

Mwenye mgahawa atasema anataka kuleta uji. Ni wazo jema kuliko yote na ni gumu kuliko yote. Uji unahitaji mpishi, kuni, maji, vikombe, na stoo isiyoingia dumuzi, kila siku ya shule. Kama anaweza kubeba muhula mmoja mzima, aanze, akishirikiana na kamati ya shule na michango ya wazazi. Kama anaweza wiki mbili tu, bora anunue sufuria kubwa na kuwaachia. Mtoto akizoea uji halafu ukakatika, saa nne anaangalia jikoni.

Rudi Julai

Muhula wa pili unaanza Julai, na huo ndio wakati wa upepo wa kusi. Bahari imechafuka, ngalawa nyingi zimelala mchangani, nyumbani hakuna kinachoingia. Watoto wengi wanapotea shuleni wakati huu kuliko Januari. Ndiyo maana safari yangu ya pili kwa mwaka ni Julai, na siendi na nguo mpya. Nakwenda na wembe, sindano, uzi mweupe na wa bluu, vishikizo mfuko mzima, na pasi ya mkaa.

Nakaa kwenye darasa tupu, mlango wazi, mwalimu pembeni, na tangazo ni kwamba yeyote mwenye nguo ya kurekebisha aje. Wanakuja wote, waliolipa na wasiolipa. Nafungua mapindo, naachia mabavu, narudisha vishikizo. Sketi iliyoshuka inaacha mstari wa rangi pale pindo lilipokuwa, bluu iliyokolea chini ya bluu iliyopauka. Wasichana hawaupendi mstari huo. Ushone juu yake utepe mwembamba wa rangi ileile, mmoja tu, na uwashonee na wale wenye sketi zisizo na mstari wakitaka. Mwaka jana walitaka karibu wote.

Kabla ya kuondoka mwombe mwalimu mkuu mlifungue pamoja daftari la mahudhurio. Pitia namba zako ishirini, moja moja. Asiyekuja siku tatu mfululizo, mwulize mwalimu anakaa nyumba gani, kisha mwende wote wawili, kwa miguu, kabla ya magharibi.